Kabla mtoto hajazikimbia hesabu, tafuteni zilipomkatikia

Kama mdogo wako anataka kuacha ndoto ya uuguzi au uhasibu kwa sababu "hesabu hazipandi", mpe mtihani wa zamani wa kidato cha pili aufanye bila kikokotoo. Usimpe maksi. Pembeni ya kila kosa andikeni chanzo: sehemu (kama 1/2), namba hasi, milinganyo, au hakuelewa swali. Mara nyingi makosa hurundikana mahali pamoja. Anayeandika 1/2 + 1/3 = 2/5 atakwama kwenye aljebra, kisha kwenye mole (kipimo cha kiasi cha dutu kwenye kemia), halafu ataamini kwamba kemia ndiyo haimpendi. Arudie mada hiyo moja kwanza, ndipo achague tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo ya kidato cha tano. (Na wanaokimbilia CBG, yaani kemia, biolojia na jiografia, kukwepa hesabu waambiwe mapema: BAM, somo la hesabu za msingi, inawasubiri kidato cha tano.)

Njia hii haisaidii makosa yakitapakaa kila mada, wala kwa yule anayeweza nyumbani lakini anaganda kwenye chumba cha mtihani; huyo shida yake ni hofu. Na kama F ya kidato cha nne imeshaingia kwenye cheti, itabidi arudie somo kama mtahiniwa wa kujitegemea.