Ukitaka kuufuata msimu wa NFL, anza na msimamo

Shemeji yangu alipofika Kansas City Januari 2020 akitokea Arusha, nilimkalisha mbele ya TV tuwaangalie Chiefs, timu ya mji huo katika NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani. Dakika kumi hazijaisha: "Shemeji, hii mechi au kikao? Mbona wanasimama kila saa?" Sikumcheka, maana mwaka niliofika mimi niliuliza hivyohivyo. Niliyomweleza ndiyo haya, na mfano wangu ni msimu uleule, ulioanza 2019.

Kwanza jua nani yuko na nani. Timu ni 32, zimegawanywa pande mbili, AFC na NFC, na kila upande una makundi manne ya timu nne nne. Usitegemee kila timu ikutane na kila timu kama Ligi Kuu. Wale watatu wa kundini tu ndio mnaocheza nao nyumbani na ugenini. Kwa Chiefs ni Broncos, Raiders na Chargers. Mechi hizo zipigie mstari kwenye ratiba, kwa sababu kinara wa kundi anaingia mtoano moja kwa moja.

Pili, mjue kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira, na mjue zaidi anayekaa benchi nyuma yake. Oktoba 17 kule Denver, pia ya goti la Patrick Mahomes, kwotabeki wa Chiefs, iliteguka. Mechi mbili zilizofuata alianza Matt Moore: wakafungwa na Packers, wakawafunga Vikings. Ushindi huo mmoja ulikuja kuwa dhahabu Desemba.

Na Desemba ndipo wengi wanapopotea, kwa kuangalia timu yao peke yake. Miaka ile timu mbili za juu kila upande zilipumzika raundi ya kwanza ya mtoano (siku hizi ni moja tu). Siku ya mwisho, Desemba 29, Chiefs walikuwa wanacheza na Chargers, lakini jicho langu moja lilikuwa kwenye simu: Patriots, waliokuwa wakigombea na Chiefs nafasi hiyo ya pili, nyumbani kwao, dhidi ya Dolphins waliokuwa na ushindi wa mechi nne tu msimu mzima. Zimebaki sekunde 24, Ryan Fitzpatrick wa Dolphins akamrushia mwenzake Mike Gesicki, tachidauni (mpira umefika mwisho wa uwanja wa mpinzani), Dolphins 27-24. Chiefs na Patriots wote wakamaliza wameshinda 12, wamepoteza 4. Timu mbili zilizokutana zikilingana hivyo, huangaliwa kwanza nani alimfunga nani, na Chiefs walishawafunga Patriots 23-16 wiki tatu nyuma. Wakapata mapumziko, na mechi ya mtoano ikachezwa Arrowhead, uwanja wao wa nyumbani.

Mechi yenyewe nayo ina namna yake ya kuiangalia. Timu ina majaribio manne ya kusogea yadi 10. Mengine unaweza kunywa nayo chai. Jaribio la tatu, weka kikombe chini: likishindikana, la nne kwa kawaida hutumika kuupiga mpira mbali na kumwachia mpinzani. Katika Super Bowl, fainali ya ligi, Februari 2, 2020, 49ers wanaongoza 20-10, zimebaki dakika saba na kidogo, Chiefs wako jaribio la tatu na wanadaiwa yadi 15. Wakikosa hapo, karibu yote yameisha. Mahomes akarudi nyuma, akarudi tena, hadi nikadhani ametoroka uwanja, kisha akaupeleka mpira juu. Chini yake alikuwa Tyreek Hill, peke yake kabisa. Yadi 44. Shemeji, aliyekuwa anasinzia, aliuliza kama tumeshinda. Bado, nikamwambia, lakini kaa wima. Iliisha 31-20, ubingwa wa kwanza baada ya miaka 50.

Kosa langu mwenyewe usilirudie. Raundi ya pili ya mtoano wa AFC, Januari 12, Texans walikuwa mbele ya Chiefs 24-0. Nikazima TV kwa hasira, nikaenda jikoni kukaanga vitunguu vya pilau. Kelele za majirani zikanirudisha: Chiefs 28-24, na hata mapumziko hayajafika. Travis Kelce wa Chiefs alifunga tachidauni tatu katika robo ya pili peke yake (mechi ina robo nne), sikuona hata moja, na vitunguu vikaungua. Iliisha 51-31.

Kwa aliye Afrika Mashariki, Super Bowl huanza saa nane na nusu usiku wa kuamkia Jumatatu. Ruhusa ya kazini omba mapema, lala kidogo jioni, na uji au chai chemsha wakati wa mapumziko; yana shoo ya muziki, ni marefu kuliko uliyozoea.