Kukimbizisha Rust ndani ya brauza bila kumaliza bando ya mtu

Watu hunidiem sana wakiuliza mbona Rust yao kwa brauza (ikigeuzwa kuwa WebAssembly, au wasm, kodi ambayo brauza inaweza kukimbiza) iko slo kuliko ile JavaScript waliyoiondoa wakaiweka badala yake, na karibu kila mara shida haiko kwa Rust, iko pale mpakani, ambapo data inavuka kati ya JavaScript na Rust. Mimi kazi yangu ni kupunguza picha za bidhaa kwa simu ya muuzaji kabla hajazituma, wengi wako Gikomba na Eastleigh, Nairobi, simu za kawaida tu, bando ni ya kununua asubuhi.

Anza na `rustup target add wasm32-unknown-unknown`, uinstoli wasm-pack, tuli ya kugeuza Rust yako iwe wasm. Kwa Cargo.toml, faili ya setingi za projekti, weka crate-type iwe "cdylib", halafu chini ya [profile.release] weka lto = true, codegen-units = 1 na opt-level = 3, ndio kodi ikimbie haraka. Kuna pia opt-level "z" ya kupunguza saizi ya faili, lakini inazima vektaraizesheni ya lupu (kushughulikia namba kadhaa kwa mpigo), na kazi ya picha yote ni lupu, so pima zote mbili kabla uamue.

Kisha `wasm-pack build --target web`. Hiyo tayari ni rilisi, yaani toleo lililoboreshwa kwa spidi, ukipima na --dev, ambayo haijaboreshwa, unajidanganya.

Sasa hapa ndio penyewe. Rust inaona memori yake pekee, inayokua kwa kurasa za KiB 64. Ukiipa array ya JavaScript, inakopiwa kuingia, na Vec ikirudi inakopiwa tena kutoka. Picha ya 4000 kwa 3000 ni pikseli milioni 12, ukiita fankisheni kwa kila pikseli umevuka mpaka mara milioni 12! Ita mara moja, picha nzima. Bora zaidi, tenga bafa (kipande cha memori) ndani ya Rust, rudisha pointa, yaani anwani yake, JavaScript ifungue Uint8Array juu ya memory.buffer na iandike humo humo.

Lakini chunga sana, memori ikikua ile bafa ya zamani inakatika na Uint8Array yako inabaki na urefu wa 0. Hii ilinila siku mbili nzima nikidhani dikoda, ile kodi ya kufungua picha, ndio mbovu. Fungua Uint8Array mpya kila baada ya kuita Rust.

Kwa seva, faili ya .wasm itumwe kama application/wasm, la sivyo instantiateStreaming, fankisheni ya brauza inayokompaili faili ikiendelea kushuka, inakataa. Washa Brotli, ya kubana faili ndio ishuke ikiwa ndogo. Kazi yenyewe iweke kwa Web Worker, inayokimbia kando na peji, ndio peji isigande.

Ukimaliza pima muda na performance.now(), saa ya brauza, kwa simu ya mteja mwenyewe, laptop yako wacha kwa mkoba.