Laptopu Inakwaruza Ukirekodi Nyumbani? Tafuta Kinachoichelewesha Kabla ya Kununua Nyingine

Kijana wa Igoma anayerekodi kwaya ya kanisani kwao alinipigia akiwa ameshatenga hela ya laptopu mpya. Yake, yenye prosesa ya i5 ya kizazi cha nane na RAM ya GB 8, ilikuwa inatoa “krr, krr” kila kiongozi wa kwaya akipandisha sauti. Mashine hiyo inatosha kabisa kurekodi. Nayaandika tuliyoyafanya kwa sababu naona vijana wengi hapa Mwanza wanamwaga pesa kwenye mashine mpya, halafu mkwaruzo unawafuata hukohuko. Maelezo ni ya Windows.

Hatua ya 1: Draiva

Draiva ni programu inayoiunganisha Windows na kifaa, na ASIO ni aina ya draiva ya sauti isiyochelewa. Weka draiva ya ASIO ya kampuni iliyotengeneza intafesi yako, yaani kile kifaa unachochomekea maiki. ASIO4ALL, draiva ya jumla, ni ya asiye na intafesi. Kama intafesi unayo, iondoe ASIO4ALL. Wanaoanza nawashauri programu ya kurekodia ya Reaper: ni nyepesi, unaijaribu siku 60 ikiwa kamili, na leseni ya mtu binafsi ni dola 60. Plagini, zile programu ndogo za ala na za kurekebisha sauti, zikiwa zimekrakiwa ziache kabisa. Ukiwa nazo hutajua kama tatizo ni mashine au ni uchafu uliokuja nazo.

Hatua ya 2: Baffa

Kompyuta huichukua sauti kwa mafungu. Baffa ni ukubwa wa kila fungu, na huhesabiwa kwa sampuli, yaani vipimo vidogovidogo vya sauti. Baffa ya sampuli 128, kwa kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde, inaipa milisekunde 2.7 tu kwa kila fungu, na ndani ya muda huo plagini zote ziwe zimemaliza kazi. Fungu moja likichelewa panabaki pengo, na pengo hilo ndilo ile “krr”. Ukiweka 1024 kompyuta inapata milisekunde 21 na kupumua, lakini mwimbaji anajisikia kwa kuchelewa na anaanza kuuburuza wimbo.

Rekodi kwa 128 au 256, miksi kwa 1024. Baki kwenye 48,000 na biti 24; ukipanda 96,000 kwa baffa ileile, muda wa kompyuta unakatika nusu. Hedifoni za Bluetooth weka pembeni, zina kuchelewa kwake ambako baffa haiwezi kukuondoa.

Hatua ya 3: Mtafute anayechelewesha

Hapa ndipo saa zinapoishia, kwa hiyo soma polepole.

Ukifungua Task Manager unaweza kuona prosesa iko asilimia 30 na sauti bado inakwaruza. Usiitegemee namba hiyo. Ni wastani wa viini vyote vya prosesa, na imepimwa kwa muda mrefu mno ukiilinganisha na milisekunde 2.7. Draiva moja ikishika prosesa kwa milisekunde chache tu, fungu lako limeshapita.

Shusha LatencyMon, programu inayoonyesha draiva zinazochelewesha; kwa matumizi ya nyumbani ni ya bure. Funga programu nyingine, ianzishe, iache dakika kumi, kisha panga orodha ya draiva kwa muda mrefu zaidi. Ukiona ndis.sys juu, huo ni mtandao: zima Wi-Fi wakati wa kurekodi. Kwa kijana wa Igoma ilikuwa hiyo, na mkwaruzo mwingi ukaondoka palepale. Ukiona nvlddmkm.sys, ni kadi ya picha ya NVIDIA: badilisha toleo la draiva yake.

Ukiona ACPI.sys, ni mambo ya umeme na betri. Wapo watakaokuambia uizime betri kwenye Device Manager. Inasaidia kwenye baadhi ya mashine, lakini Windows haitakuonya tena chaji ikiisha, na umeme ukikatika katikati ya ubeti unaweza kupoteza kazi. Mimi sifanyi hivyo bila UPS, kile kifaa cha akiba ya umeme. Anza na mpango wa umeme wa “High performance”, na pima mara mbili, ukiwa kwenye chaja na ukiwa kwenye betri, maana majibu hutofautiana.

Jambo jingine: LatencyMon inapima draiva, haipimi nguvu ya prosesa. Ikionyesha kijani, yaani draiva ziko sawa, na bado unasikia mkwaruzo, tazama plagini zako. Plagini za traki moja husubiriana, kwa hiyo ukipanga nane kwenye masta (traki kuu inayopitisha sauti zote) zinaelemea kiini kimoja huku vingine vimekaa. Limita ya masta, plagini inayozuia sauti isivuke kiwango, izime unaporekodi. Nyingi husubiri kuitazama sauti inayokuja na hivyo kuongeza kuchelewa.

Hatua ya 4: Joto

Laptopu ya yule kijana ilikuwa imelazwa juu ya godoro walilolileta kumeza mwangwi, matundu ya chini yamezibwa, chumba ni cha mabati na ni saa nane mchana. Prosesa ikipata joto hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Tuliiweka juu ya ubao na kuinyanyua nyuma kwa vitabu viwili. Kama ni ya zamani, mpe fundi aifungue, atoe vumbi kwenye feni na abadilishe pesti ya kupitisha joto la prosesa. Rekodi asubuhi ukiweza. Halafu isogeze mbali na maiki kwa waya mrefu, la sivyo feni nayo itaimba.

Hatua ya 5: Gandisha traki

Kinanda na ngoma za plagini zikikamilika, zigandishe ziwe sauti ya kawaida ili plagini zisiielemee tena prosesa, kisha rekodi waimbaji juu yake. Kwenye Reaper bofya traki kitufe cha kulia, chagua “Freeze”. Ukitaka kubadilisha noti, unaigandua.