Dola ya 1804: itazame kwa mwanga wa pembeni

Ukikutana na dola ya Benki ya Uingereza ya 1804, ile yenye kichwa cha Mfalme George III upande mmoja na Britannia, mwanamke anayewakilisha Uingereza, aliyeketi upande wa pili, usiishie kwenye sura yake. Nyingi zilikuwa reale 8, sarafu za fedha za Kihispania, zikapigwa upya na mashine za mvuke za Matthew Boulton huko Soho, Birmingham, kwa thamani ya shilingi 5. Sarafu ya zamani haikufutika yote.

Zima taa ya juu, leta tochi kwa ubavu, kisha izungushe sarafu polepole chini ya lenzi. Anza na sehemu tambarare kandokando ya kichwa. Huenda ukaona herufi za CAROLUS (jina la mfalme wa Hispania kwa Kilatini), kipande cha nguzo za nembo ya Hispania, au, ukibahatika, mwaka wa awali na alama ya kiwanda cha sarafu cha Mexico, herufi M yenye o ndogo juu yake. Hapo ndipo bei hupanda.

Ipime pia: takriban gramu 27. Na tafadhali usiisugue! Wapo wanaodhani mabaki hayo ni mikwaruzo, wakaing'arisha sarafu hadi ikaharibika.