Jinsi ya kuandika maisha ya bibi yako aliyehama kutoka Ukraina

Kama bibi yako alizaliwa magharibi mwa Ukraina miaka ya 1910 au 1920 halafu akaja kuzeekea Canada au Marekani, jua kabisa makaratasi yake yatapingana, na wala si kwamba bibi alikuwa msahaulifu. Kijiji cha huko upande wa Lviv au Ternopil kilikuwa chini ya Austria-Hungary, baada ya vita ya kwanza kikawa Poland, 1939 wakaingia Wasovieti, 1941 Wajerumani, 1944 Wasovieti tena, yaani mtu kabadilishiwa serikali mara zote hizo na hajahama hata nyumba. Kwa hiyo cheti kimoja kinasema kazaliwa Austria, kingine Poland, kingine USSR, na wewe viandike vyote kama vilivyo. Lviv yenyewe utaikuta imeandikwa Lemberg au Lwów, ukitafuta jina moja tu hupati kitu.

Birthday nayo ikipishana siku 13 usishtuke, kanisa lao lilikuwa linafuata kalenda ya Juliani, ile ya zamani iliyo nyuma ya hii yetu kwa siku hizo 13.

Anza na vitu vya ndani kabla hujaenda intaneti. Fungua kitabu chake cha sala, angalia nyuma ya picha maana mara nyingi kuna muhuri wa studio na mji, skani pande zote mbili. Taulo na mashati yaliyotariziwa piga picha karibu kabisa, mbele na nyuma ya mishono, kwa sababu rangi na michoro vinatofautiana mkoa hadi mkoa na mtu anayejua kazi ile anaweza kukwambia yametokea wapi. Barua za Kisirili, yaani zile herufi za Kiukraina, usitupe hata moja eti huzisomi!

Sasa sehemu ngumu ni miaka ya vita. Wasichana wengi sana walichukuliwa kwa nguvu kwenda Ujerumani kufanya kazi mashambani na viwandani, waliotoka Ukraina ya Kisovieti, ile ya mashariki, wakavalishwa beji ya OST kifuani (maana yake "Mashariki" kwa Kijerumani), na vita ilipoisha 1945 wakajikuta kwenye kambi za wakimbizi. Makubaliano ya Yalta, kati ya Marekani, Uingereza na Wasovieti, yalitaka raia wa Kisovieti warudishwe kwao hata kama hawataki, na waliorudi wengi walitendewa kama wasaliti, ndo maana wengine walijiandikisha kuwa wametoka Poland ili wasipakiwe kwenye treni. Ukikuta bibi kaandika kijiji kisicho chake naomba usimwite mwongo, huo uongo pengine ndio uliomwokoa, uandike na sababu yake. Kuhusu kumbukumbu za kambi na kazi za lazima nenda Arolsen Archives ya Ujerumani, kutafuta ni bure na nyaraka nyingi ziko mtandaoni, jaribu jina lake kwa spelingi zote unazoweza kufikiria. Kama alishukia Halifax kule Canada, gati ya Pier 21 ilipokea wageni kuanzia 1928 mpaka 1971. Walioingia Marekani baada ya vita wengi walipita kwa sheria ya wakimbizi ya 1948.

Kama bado yupo hai usimwambie "bibi nisimulie historia yako", atakujibu hakuna cha kusimulia. Muulize kabichi mlikuwa mnaichachusha vipi, nani alikufundisha kutarizi, meli ilinuka nini, simu yako iwe inarekodi na mikono yake iwe na kazi. Kama alitoka Ukraina ya Kisovieti na alipitia njaa ya 1932 na 1933 aliyoileta Stalin, hapo usimsukume kabisa, akinyamaza na wewe nyamaza, maana wengi walikatazwa hata kuitaja kwa miaka na miaka.

Na kama ameshafariki, kwa Waukraina wengi kuna ibada ya kumbukumbu inaitwa panakhyda, hufanyika siku ya 40 na pia kila mwaka. Nenda mapema, kaa na wazee waliosali naye, wao ndio wanajua jina lake la utani na alimpenda nani kabla ya babu, omba ruhusa urekodi. Usiondoke bila kuuliza kama kanisa lina kitabu cha jubilei, kile cha kuadhimisha miaka ya kanisa, humo picha za kwaya na za akina mama wa jikoni zina majina chini.

Ukiandika, kila habari iwekee jina la aliyeisema na tarehe. Binamu wawili wakisimulia tofauti acha zote mbili, kisha watumie kopi wote, pamoja na wale waliobaki kule kijijini kama anwani bado ipo kwenye zile barua.