Somo: Kukokotoa grafiti ya betri kwa kompyuta ya kawaida

Wavuvi wa dagaa wanaoondoka Mwaloni, Kirumba, usiku wa giza wanazidi kuacha karabai na kushika taa za betri, na wanafunzi wangu hapa Mwanza huniuliza kwa nini betri hubeba chaji kiasi kile na si zaidi. Katika betri nyingi za lithiamu, upande hasi ni grafiti, nayo ni kaboni iliyopangwa tabaka juu ya tabaka. Somo hili linaonyesha namna ya kuikokotoa kwa programu huria ya Quantum ESPRESSO, inayokokotoa nishati ya atomu na elektroni zake.

Hatua ya kwanza haihitaji umeme. Grafiti ikijaa, kila kaboni sita hubeba lithiamu moja, yaani LiC6. Moli moja ya elektroni ina chaji ya kulombu 96,485. Ukigawanya kwa 3.6, ambazo ni kulombu za miliampia-saa moja, unapata miliampia-saa 26,801, na ukigawanya tena kwa gramu 72.07, ambao ndio uzito wa moli sita za kaboni, unapata takriban miliampia-saa 372 kwa gramu. Kompyuta haitaongeza hata moja juu ya hapo maadamu mpangilio ni LiC6. Kazi yake ni kutueleza kama mpangilio huo unashikamana, na kwa volti ngapi.

Hatua ya pili ni kuandaa faili. Grafiti tupu ina atomu nne katika kijisanduku kinachojirudia: umbali kati ya kaboni na kaboni jirani ni angstromu 1.42 (angstromu ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita), na kati ya tabaka na tabaka ni 3.35. Chagueni potenshali bandia (faili zinazowakilisha kiini cha atomu na elektroni zake za ndani) za kaboni na lithiamu kutoka mkusanyo mmoja, kisha pandisheni kikomo cha nishati ya mawimbi yanayoeleza elektroni kidogo kidogo, tuseme Rydberg (kipimo cha nishati) 40, 50, 60, hadi tofauti ya nishati kwa kila atomu iwe ndogo kuliko sehemu moja ya elfu ya elektronivolti. Fanyeni hivyo hivyo kwa gridi ya nukta k, yaani nukta ambako programu hukokotoa mawimbi ya elektroni ndani ya fuwele.

Hatua ya tatu ndiyo inayoangusha wengi, nami iliniangusha. Mara ya kwanza niliiacha kompyuta usiku kucha itafute umbo tulivu kwa calculation = 'vc-relax', na asubuhi nikakuta tabaka zimeachana kupita angstromu 4. Nilidhani nimegundua jambo jipya! Kumbe fomula ya PBE ya mwaka 1996 ya kukadiria nishati ya elektroni, ambayo wengi wetu huanza nayo, haioni ile nguvu hafifu ya van der Waals inayoshika tabaka za grafiti, ingawa vifungo vikali vilivyo ndani ya tabaka inavikokotoa vizuri. Ongezeni mstari vdw_corr = 'grimme-d3' katika sehemu ya mfumo, kisha rudieni. Msiendelee mbele kabla umbali haujarudi karibu na 3.35, kwa sababu lithiamu huingia katika nafasi hiyo hiyo, na nafasi ikiwa ya uongo, kila nambari inayofuata itakuwa ya uongo.

Hatua ya nne: ingizeni lithiamu. Hapa tabaka hupangwa zikitazamana sawasawa, tofauti na grafiti tupu ambamo tabaka moja husogea pembeni ya nyingine, na kijisanduku kina kaboni sita na lithiamu moja. Baada ya kutulia, umbali wa tabaka unapaswa kufika takriban 3.7. Uvimbe huo wa asilimia kumi hivi hutokea kweli ndani ya betri kila inapochajiwa.

Hatua ya tano ni volti. Chukueni nishati ya LiC6, toeni nishati ya kaboni sita za grafiti tupu, toeni tena nishati ya atomu moja ya lithiamu iliyo ndani ya metali yake, kisha geuzeni alama. Programu hutoa Rydberg, hivyo zidisheni kwa 13.606 kupata elektronivolti. Kwa kuwa elektroni ni moja, nambari hiyo hiyo ndiyo volti. Maabara hupima takriban volti 0.1 hadi 0.2. Zingatieni kwamba tunatafuta tofauti ndogo kati ya nambari kubwa, mfano wa mtu anayepima uzito wa dagaa mmoja kwa kupima mtumbwi akiwamo na asipokuwamo, kwa hiyo vikomo vyote lazima viwe sawa katika hesabu zote tatu.

Maswali ya wanachama

Mwanachama, Nyegezi: Shikamoo mwalimu. Nimepata volti 1.8. Nimekosea wapi?

Jibu: Marahaba. Bila shaka umetumia atomu ya lithiamu iliyo peke yake katika utupu. Lithiamu ya betri hulinganishwa na metali, na kuing'oa atomu moja kutoka katika metali hugharimu takriban elektronivolti 1.6. Toa kiasi hicho, utaona jibu lako lilikuwa karibu kabisa. Hata hivyo, ikokotoe metali yenyewe kwa vikomo vyako.

Mwanachama, Musoma: Ndugu mwalimu, kwetu umeme hukatika bila taarifa. Hesabu ikifa katikati inarudi mwanzo?

Jibu: Mara nyingi ndiyo, maana programu huweza kuendelea salama iwapo ilisimama kwa utaratibu. Weka max_seconds ijifunge yenyewe kila saa moja au mbili, kisha iendeleze kwa restart_mode = 'restart'. Utapoteza saa moja au mbili badala ya usiku mzima.

Mwanachama, Bukoba: Je, naweza kutumia njia hii kwa kaboni iliyochomwa kutokana na magugu maji, tena kwa betri za sodiamu?

Jibu: Si kama ilivyo. Sodiamu haikai vizuri katika grafiti. Ukikokotoa NaC6 utapata volti yenye alama ya kutoa, maana yake mpangilio huo haujiundi wenyewe. Ndiyo maana betri za sodiamu hutumia kaboni ngumu, ambayo tabaka zake zimepindapinda na zimeachana zaidi, nayo kaboni ya mimea kama gugu maji kwa kawaida huwa ya namna hiyo. Kaboni ya namna hiyo haina kijisanduku kinachojirudia. Anza na tabaka mbili za kaboni, ziweke umbali wa 3.6, 3.8 na 4.0 kwa zamu, ng'oa atomu moja ili kuwe na kasoro, kisha linganisha sodiamu inavyoshikwa katika kila hali.