Binti anaingia shule ya wasichana ya Kichina Singapore? Anzeni na herufi

Kwa wenye binti anayeanza sekondari Januari kwenye shule kama Nanyang, iliyoanzishwa 1917: hisabati na sayansi hufundishwa kwa Kiingereza, kwa hiyo huko hatapotea. Kinachowalemea wengi ni Kichina cha ngazi ya juu. Herufi zake hazishikiki kwa kuzitazama tu. Aziandike kwa mkono, akifuata mpangilio sahihi wa mistari, chache kila usiku. Kulundika ukurasa mzima Jumapili ni kujichosha bure. Na wimbo wa shule aujue mapema, maneno yake yakiwa ya Kichina.

Mila ni nyepesi zaidi. Akimpa mwalimu kitu, atumie mikono miwili. Mwaka Mpya wa Kichina chenza hupeanwa mbili mbili, moja haipendezi.

Shughuli za baada ya masomo ndizo za kuchagua kwa makini. Mimi ningempeleka okestra ya Kichina au wushu, yaani sanaa ya mapigano ya Kichina, kabla ya mdahalo: mikono inafanya kazi, ulimi unapumzika, na Kichina cha kupiga soga, ambacho vitabuni hakimo, atakiokota kwa wenzake.